Kashfa Iliyoandikwa Vumbini

Wakili aliniuliza swali moja, nikaona ananichezea. "Mama, hiyo kitu ilisemwa ama iliandikwa?"

Nilikuwa nimetoka Malaba asubuhi ile hadi mjini Busia, nimevaa gauni la kanisani, nimeibana hasira tangu gari lilipopita Adungosi, nikitaka mtu ashtakiwe kabla ya chakula cha mchana. Na huyu kijana wa tai ananiuliza habari ya kusema na kuandika, kana kwamba mtu akikupaka kinyesi utataka kujua kama alitumia mkono au kijiti. Nilimwambia hivyo hivyo. Karani wake aliyekaa karibu na mlango akacheka, na tangu hapo nikaanza kumtilia shaka yeye pia. Malaba na Busia hazijatengana sana, na maneno hupanda magari ya asubuhi kama watu wengine.

Nina lojingi Malaba, upande wetu wa Kenya, karibu na mahali malori yanapopanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Ni vyumba vichache vinavyozunguka ua, bomba la maji, choo kisafi na geti la bluu. Nilihamia huku kutoka Budalang'i baada ya Mto Nzoia kuingia nyumbani kwetu mara nyingi kuliko mashemeji. Kinachowaleta madereva kwangu si magodoro. Ni chai. Mgeni akiingia, kabla hajaonyeshwa chumba, hupewa kikombe cha chai ya maziwa, bila malipo. Mama yangu alimfanyia hivyo kila aliyepiga hodi kwetu, na sikuona kwa nini niache kwa sababu tu wageni wangu wanalipia kitanda.

Basi ikasemekana kwamba chai hiyo ina dawa. Kwamba dereva akiinywa hulala fofofo, na akiwa amelala watu wangu huifyonza dizeli ya lori lake, kisha humvua hata nguo. Kwa asiyeijua barabara hii huo ni mzaha. Kwa dereva, hakuna linalomtisha zaidi. Akiibiwa akiwa amelala, tajiri wake hatauliza alikunywa nini wala kwa nani. Atampokonya funguo na kumpa mwingine. Kwa hiyo dereva hangoji ushahidi, akisikia tu mahali fulani wanaweka dawa, anapapita. Walianza kunipita mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Mashuka yakawa yanakaa safi wiki nzima. Mimi sina shamba la kurudia, maana shamba letu ni la samaki sasa. Lojingi hii ikifa, nimekufa nayo.

Nilimwambia wakili yote hayo. Akanisikiliza, akavua miwani, akarudi palepale.

"Mama, naelewa. Lakini sheria inatofautisha. Kuna kashfa ya mdomo na kuna kashfa ya maandishi. Ya maandishi inasimama kwa miguu yake. Ukionyesha ni uwongo, ni wewe umeandikwa, na mtu mwingine amesoma, huhitaji kuonyesha ulipata hasara gani. Ya mdomo mara nyingi lazima uonyeshe hasara. Sasa wewe una bahati kidogo."

"Bahati gani?"

"Wamesema wewe ni mwizi, na wamesema juu ya biashara yako. Hiyo hata kama ni ya mdomo, sheria inaiangalia kwa jicho lingine. Shida yako ni ushahidi. Mdomo hauachi alama. Nataka jina la mtu alisema, maneno yenyewe vile aliyasema, lugha alitumia, na mtu alikuwa hapo akasikia. Si maana yake, mama. Maneno yenyewe."

Nilirudi Malaba nimetulia kidogo, nikidhani kazi hiyo ni rahisi. Mji mzima ulikuwa ukinisema. Ningekosaje mtu mmoja?

Nilianzia kwa wanawake wanaouza ndizi na mayai ya kuchemsha kando ya foleni. Nilipofika, mazungumzo yalihamia kwa bei ya nyanya. Nikamwuliza mmoja, ambaye tumezikiana wazazi, ananisema nini. Akasema yeye hasemi, alisikia tu. Alisikia kwa nani? Kwa watu. Watu gani? Wale wa kubadilisha pesa. Wabadilishaji pesa wakasema walisikia kwa Kiganda, kutoka kwa mtu wa boda aliyetoka ng'ambo ya mpaka, na wenyewe Kiganda hawakijui vizuri. Mtu wa boda akaapa kwamba aliyasikia kwa Kiteso. Kila mmoja alikuwa na maneno yake. Kwa mmoja nilikuwa na dawa ya unga, kwa mwingine ya majani kutoka kwetu ziwani, na kwa wa tatu sikuwa mimi bali ni mume wangu, ambaye alifariki zamani. Hakuna aliyekubali kuwa amesema. Wote walikuwa masikio tu. Nikajiuliza, mji ambao wote ni masikio, mdomo uko wapi?

Nilianza kuwapeleleza watu. Naona aibu kidogo kulisema hilo, lakini si sana. Nilikuwa nasimama nyuma ya geti langu nikichungulia kwenye tundu la kutu, nione nani anamwelekeza dereva kwingine. Nilimtazama mwanamke anayenifulia mashuka, nikajiuliza kwa nini siku hizi anaimba. Nilimtazama mpishi wa hoteli ya jirani. Lakini zaidi ya wote nilimtazama mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye lojingi kama yangu. Geti lake pia lilikuwa la bluu miaka yote. Na katika majuma yale yale niliyoanza kukosa wageni, alilipaka rangi ya kijani. Mtu hapaki geti rangi bila sababu. Niliapa kwamba ni yeye, na kila aliponiamkia nilimjibu nikiangalia viatu vyake.

Ni yule mfuaji aliyenifungua macho. Siku moja alikuwa akikamua shuka, akaniambia bila hata kugeuka, "Lakini mama, mbona unatafuta hiyo kitu kwa midomo ya watu na iko imeandikwa?"

"Imeandikwa wapi?"

"Kwa matrela. Huko nyuma."

Nilimwuliza amejuaje. Akasema kila mtu anajua. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema alifikiri najua, naona aibu. Sikujua nimshukuru au nimfukuze. Nilimwacha na mashuka yake nikatoka.

Hapa inabidi nieleze desturi ya barabara hii. Lori likitoka Mombasa hadi kwetu huwa limekula vumbi la nchi nzima, na milango ya nyuma ya trela hugeuka ubao. Matanboi, yaani wasaidizi wa madereva, huandika hapo kwa kidole wakiwa kwenye foleni hawana la kufanya. Huandika majina ya wasichana, timu za mpira, salamu kwa mtu aliye Kampala, na maonyo: hapa kuna wezi, pale askari ana njaa. Onyo lina heshima yake. Ukilisoma kwenye trela inayokaribia kuvuka, unaliandika upya kwenye trela iliyo nyuma yake, ili lisiende Uganda likawaacha wanaokuja. Ndivyo linavyobaki Malaba ingawa malori hayabaki. Wanasema ni kusaidiana. Nimeiona desturi hiyo tangu nifike, na nimewahi kucheka sana kwa yaliyoandikwa juu ya wengine.

Nilianza na malori yaliyo karibu na mpaka, nikatembea kinyume na foleni kuelekea Amagoro, nikisoma matako ya matrela. Mwanamke wa umri wangu, kitenge kiunoni, simu mkononi, anazunguka nyuma ya kila lori na kuinama. Madereva walinikazia macho. Mmoja akafungua mlango akaniuliza kwa ukali, "Mama, unatafuta nini huko nyuma? Tangi haiko huko." Nikaona jinsi ninavyoonekana. Nilikuwa nimekwenda kutafuta ushahidi kwamba mimi si mwizi wa dizeli, na nilifanana na mwizi wa dizeli.

Nikayapata. Yalikuwa kwenye trela nyeupe iliyogeuka kahawia, kwa herufi kubwa za mtu aliyetumia kidole kizima:

MALABA GETI YA BLUU. CHAI YA MAMA NI DAWA. UTAAMKA BILA DIZELI BILA SURUALI.

Chini yake mkono mwingine ulikuwa umeandika KWELI. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, wa tatu alikuwa ameandika HATA MIMI.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonishinda. Yale ya juu ningeweza kuyaita uwongo wa mtu mmoja mwenye chuki. Lakini huyu wa HATA MIMI ni nani? Nilianza kuwapitisha wageni wangu wote kichwani, sura kwa sura, nikimtafuta aliyekunywa chai yangu, akanishukuru, kisha akaenda kuandika hivyo. Nikainua simu nikapiga picha. Nikapiga nyingine, na nyingine.

Nikiwa hapo akatokea tanboi wa lori hilo. Huitwa boi hata akiwa babu. Huyu alikuwa na mvi kichwa kizima. Akaniona nasoma, akanisogelea kwa upole.

"Umeona, mama? Kama uko na mtu wako dereva, mwambie asilale huko."

"Nani ameandika?"

"Hiyo ya juu ni mimi. Niliitoa kwa trela ya mbele, imeshavuka. Hizo za chini sijui, nimezikuta asubuhi."

"Umewahi kunywa hiyo chai?"

"Mimi? Wacha! Mimi hata silali Malaba, nalala kwa gari."

"Basi mimi ndiye mama wa chai," nikamwambia.

Alirudi nyuma hatua, akaangalia mikono yangu, sijui alitarajia kuona nini. Kisha akaniomba msamaha, na kwa kweli aliomba vizuri, akavua hata kofia. Lakini alipokwisha kuomba akaniuliza, bila ubaya wowote, "Sasa mama, kama si kweli, mbona imeandikwa?"

Foleni ikasogea, akaruka ndani, na lori likaenda zake kuelekea Uganda likiwa na jina langu mgongoni. Nilisimama kando ya barabara nikilia kwa hasira, na muuza karanga akaja kuniuliza kama nimegongwa.

Wakili alizifurahia zile picha kuliko nilivyopenda. Nilimwuliza kama vumbi ni maandishi, maana kidole hakina wino na mvua ya Malaba haina simile. Akatabasamu. Akasema kitu kikibaki ili mtu mwingine akikute na akisome, yeye atasimama aseme kimeandikwa, iwe kwa wino au kwa vumbi, na picha ndizo hizi. Upande wa pili utabisha, na hakimu ataamua. Akasema tena kwamba anayenakili kashfa hana pa kujificha. Kisheria ni sawa na aliyeianza.

"Kwa hivyo nishtaki barabara nzima?"

"Unaweza. Lakini tafuta wachache wanaopatikana."

Nikamwambia pia nataka kupaka geti rangi nyingine. Akanikataza kabisa. Wameandika geti la bluu, hawakuandika jina; nikibadilisha, nitaonyeshaje kwamba ni mimi? Basi nikabaki na bluu yangu kama mgonjwa anayeambiwa asioshe kidonda mpaka daktari akione.

Ni kwa sababu ya geti ndipo hatimaye nilipovuka barabara kwenda kwa mwenzangu. Sikuzunguka. Nilimwuliza kwa nini alipaka kijani. Akaweka sufuria chini. "Niliogopa, dada. Yangu pia ilikuwa bluu. Niliona hiyo maneno kwa trela, nikasema watafikiria ni kwangu." Nikamwuliza mbona hakuja kunionya. Akasema angekuja vipi, akiniambia ameisoma, si ningesema ni yeye ameiandika? Na kweli ningesema. Nilimwamini nusu. Ile nusu nyingine ninayo mpaka leo, na nikimwona akimpokea mgeni huwa namsikiliza anamwambia nini. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimezikagua nguo zote.

Wa kushtakiwa alipatikana kwa namba ya trela iliyoonekana kwenye picha, yule tanboi mwenye mvi; kilichobaki kilikuwa shahidi. Wakili alinipigia simu akaeleza. Hasara si lazima, lakini kesi itakuwa na uzito akipatikana mtu aliyeyasoma maneno yale, akajua ni mimi, na heshima yake kwangu ikashuka.

Nikamwambia ninaye mtu bora zaidi. Nina dereva kutoka Ukambani, mteja wangu tangu vyumba vikiwa viwili, aliyemzika baba yake akitokea kwangu na nauli nikamchangia. Alikuwa amenipigia simu mwenyewe akiwa njiani kutoka Juba, akaniambia amesikia upuzi huo, akaucheka, na kwamba nikihitaji mtu wa kusimama kortini atasimama. Huyo atamwambia hakimu kwamba hakuamini hata chembe.

Wakili akasema, "Mama, huyo hatusaidii sana."

"Kwa nini?"

"Akisema hakuamini, basi kwake jina lako liko vile lilikuwa. Korti itauliza, limeharibika wapi? Nataka mtu ambaye aliamini. Hata kidogo."

Nilimkatia simu. Yaani sheria inataka nikamtafute anayeniona mwizi, nimshike mkono, nimlete Busia aseme hivyo mbele ya watu, ndipo nisafishwe. Nani atakubali? Anayeniona mwizi hanipi hata salamu.

Yule dereva wa Ukambani alifika siku chache baadaye, mchana, akitokea Mombasa. Nilipomwona akiingia getini na mkoba wake begani nusura nimkumbatie. Ua ulikuwa mtupu. Alinisalimia kama kawaida, akaniuliza hali ya watoto, akakaa kwenye benchi lake. Nikampelekea chai. Akaiweka kando yake na kuanza kuniambia habari za uwongo ule ulikotoka. Alisikia kwamba kuna dereva alilewa waragi ng'ambo, akalala mpaka foleni ikampita, na tajiri wake alipompigia simu kwa ukali akajitetea kwamba amewekewa dawa kwenye lojingi. Tajiri akauliza lojingi gani. Ikamjia ya kwanza kichwani, yenye chai.

"Ni nani huyo?" nikauliza.

Hakujua jina. Alisikia tu. Akaendelea na habari za barabara, za mizani, za bei ya matairi. Chai ikatanda utando juu. Nikamwambia inapoa.

Akacheka kidogo, akakisogeza kikombe kwangu kwa kidole kimoja. "Anza wewe, mama."

Nilidhani ananitania, nikacheka naye. Kisha nikamwangalia machoni. Nikakichukua kikombe, nikanywa mafunda mawili, nikamrudishia. Alisubiri. Alinitazama usoni, halafu akaanza kunywa, akamaliza yote, akapangusa mdomo. Iliniuma kuliko trela zote.

"Uliniambia hukuamini," nikasema.

"Si kuamini, mama." Alikuwa ameinama. "Watu waliponiambia, niliitupa. Maneno ya watu naijua. Lakini safari hii foleni ilikwama, nikakaa siku mbili nyuma ya trela imeandikwa hiyo kitu. Nikiamka naiona. Nikila naiona. Sikuwa na kitu ingine ya kusoma. Nilijua ni uwongo, na nikaisoma tu, nikaisoma, mpaka ikaingia. Mimi niko na watoto, mama. Nikipoteza hii gari nimekwisha."

Nilitaka kumfukuza, nilitaka kumpiga na kile kikombe, na nilijua kwamba nikimfukuza sina mtu. Nikamwambia wakili wangu anatafuta shahidi.

"Si nilikwambia nitasimama? Nitasema wewe ni mtu mzuri."

"Hapana. Utasema hayo umesema sasa."

Alifuta uso kwa kitambaa. Akakubali. Akanipa mkono, akaniita mama tena, akachukua ufunguo wa chumba chake cha siku zote. Nilibaki uani nikisuuza kikombe. Akafunga mlango kwa ndani, komeo likaingia, kisha nikasikia miguu ya kitanda ikiburutwa sakafuni mpaka mlangoni.